Mizani Mbili: Ubora na Udhaifu wa Filamu ya Café Society (2016)

Café Society ni filamu ya mapenzi iliyoandikwa na kuongozwa na Woody Allen, na ndiyo iliyofungua Tamasha la Filamu la Cannes mwezi Mei 2016. Ina urefu wa dakika 96, na mandhari yake ni Hollywood na New York za miaka ya 1930. Kijana Bobby Dorfman (Jesse Eisenberg) anaondoka Bronx kwenda kutafuta maisha kwa mjomba wake, Phil Stern (Steve Carell), wakala wa waigizaji mashuhuri. Huko anampenda Vonnie (Kristen Stewart), katibu muhtasi wa Phil, asijue kwamba Vonnie ni hawara wa mjomba wake huyo mwenye mke. Vonnie anapolazimika kuchagua, anamchagua Phil. Bobby anarudi New York, anaendesha ukumbi wa starehe pamoja na kaka yake Ben (Corey Stoll), ambaye ni jambazi, kisha anaoa mwanamke mwingine. Wapenzi hao wanapokutana tena, kila mmoja ana mwenzi wake.

Filamu zinazosawiri enzi iliyopita hupimwa mara nyingi kwa uzuri wa mavazi, samani na magari ya kale. Kigezo hicho hakitoshi kuipima kazi hii. Hoja ya uhakiki huu ni kwamba Café Society inahusu watu wawili wanaotoa sehemu ya utu wao ili wapate maisha ya fahari, na kwamba picha zake zinawapima wahusika hao kwa mizani moja ilhali simulizi lake linawapima kwa mizani mbili tofauti.

Ubora wa kwanza umo katika matumizi ya mwanga. Mpigapicha mkuu ni Vittorio Storaro, mshindi wa tuzo tatu za Oscar kwa filamu za Apocalypse Now, Reds na The Last Emperor. Hii ndiyo filamu ya kwanza ya Allen kupigwa kwa kamera ya dijitali. Bronx ya mwanzoni imepauka, kana kwamba rangi zake zimefuliwa mara nyingi. Hollywood imejaa mwanga wa dhahabu wa jua linaloelekea kutua. Uzuri huo una kazi. Kila kitu katika Hollywood ya Phil kinang'aa, hivyo mtazamaji hapati pa kutofautisha kilicho cha kweli na kilichopakwa rangi. Ndiyo maana onyesho la Vonnie kufika chumbani kwa Bobby akiwa ameachwa, umeme ukakatika na mishumaa ikawashwa, lina uzito mkubwa. Kwa muda mfupi nyuso mbili zinaonekana bila mng'aro wa mji ule, na ukaribu wao unaaminika.

Ubora wa pili ni barua. Vonnie amempa Phil zawadi ya barua iliyotiwa saini na Rudolph Valentino, nyota wa filamu zisizo na sauti aliyefariki mwaka 1926. Bobby anapoiona ofisini kwa mjomba wake ndipo anapotambua kuwa mpinzani wake ni nani. Hakuna anayemweleza, kitu chenyewe kinasema. Barua hiyo pia inabeba dhamira ya filamu nzima, kwa kuwa thamani yake imo katika jina lililoandikwa juu yake. Katika ulimwengu wa Phil majina ni bidhaa. Tangu maonyesho ya mwanzo anayataja majina ya waigizaji kama mfanyabiashara anayetaja mali iliyo ghalani.

Hapa pana lawama inayoweza kuelekezwa kwa filamu hii, kwamba Hollywood yake haina kazi. Hollywood ya miaka ya 1930 ilikuwa kiwanda: waigizaji walifungwa na mikataba ya miaka mingi, na kuanzia mwaka 1934 kanuni za maadili zilidhibiti kwa ukali kilichoruhusiwa kuonyeshwa. Café Society inabaki katika karamu, ofisi na migahawa. Hata hivyo, lawama hiyo ina nguvu kiasi tu. Filamu inaichora Hollywood kwa macho ya wakala, na wakala huuza majina ya watu wanaofanya kazi. Vonnie, ambaye mwanzoni anayacheka majumba na majigambo ya mastaa, anarudi mbele ya Bobby akiwa mke wa Phil huku akiyataja majina yaleyale kwa ulaini uleule. Badiliko hilo linaonyesha alicholipa bila hotuba yoyote, na ndicho kilele cha uandishi wa filamu hii.

Udhaifu mkubwa ni kwamba malipo hayo yanaonyeshwa, lakini uamuzi uliyoyaleta hauonyeshwi. Mtazamaji anajua anachokitaka Phil na anaona uchungu wa Bobby. Vonnie hapewi onyesho la kuwa peke yake na swali lake. Ulinganisho na The Apartment (1960) ya Billy Wilder unaliweka wazi pengo hili. Katika kazi hiyo pia kuna mkubwa wa kazi mwenye mke, kijana aliye chini yake, msichana wanayempenda wote wawili, na kitu kinachofichua siri, yaani kioo kidogo kilichovunjika. Tofauti ni kwamba usiku wa mkesha wa mwaka mpya kamera inabaki na Fran Kubelik anapofikia uamuzi wake, kisha inamfuata akikimbia. Fran ni mtendaji. Vonnie ni matokeo. Uigizaji wa Stewart, wenye vituo na macho yanayokwepa, unaashiria mgongano wa ndani ambao mswada haukuupa nafasi. Tatizo hilo linamgusa pia Veronica (Blake Lively), mke wa Bobby. Yeye ni wajina wa Vonnie, na filamu inaridhika na ufanano huo wa jina bila kumpa maisha yake mwenyewe.

Udhaifu wa pili unahusu Ben. Ukumbi unaompatia Bobby heshima umejengwa kwa fedha za mtu anayeua na kuzika maiti chini ya saruji. Mauaji hayo yanasimuliwa kwa mzaha, na hata Ben anapohukumiwa kifo na kubadili dini kabla ya kuuawa, kicheko ndicho kinachotangulia. Mzaha si kosa katika tamthilia-cheshi. Kosa ni kwamba Bobby hatakiwi kulipa chochote. Vonnie anakosolewa kwa kuyazoea majina ya mastaa. Bobby hakosolewi kwa kula jasho la damu. Waswahili husema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na simulizi hili linauelekeza mkuki upande mmoja tu.

Sauti ya msimulizi, ambayo ni ya Allen mwenyewe, inaukuza udhaifu huo. Inafaa inapopitisha miaka kwa sentensi chache. Lakini inapoeleza hisia ambazo waigizaji wangeweza kuzionyesha, inaziba nafasi ya mtazamaji kufikiri, na kwa kuwa imeegemea safari ya Bobby, huruma yake nayo inaegemea huko.

Onyesho la mwisho linairudishia filamu usawa. Ni mkesha wa mwaka mpya: Bobby yuko New York, Vonnie yuko Hollywood, na picha ya mmoja inafifia ndani ya picha ya mwingine. Nyuso zote mbili zina macho yanayotazama mbali. Msimulizi amenyamaza, na kwa mara ya kwanza wahusika hawa wanasimama sawa, kila mmoja na alichokipata na alichokipoteza.

Kwa hiyo, Café Society ni kazi yenye picha zilizokomaa kuliko mswada wake. Mwanga, barua na mfifio wa mwisho vinaijenga hoja ya haki ambayo mpangilio wa matukio unaivunja. Mhakiki wa filamu za mapenzi za enzi iliyopita anapaswa kwenda mbele ya swali la kama enzi hiyo imeigwa vizuri, na kuuliza ni nani kati ya wapenzi aliyepewa nafasi ya kuamua mbele ya macho ya mtazamaji. Kwa kigezo hicho, filamu hii inamwonyesha Vonnie kwa uzuri mkubwa na kumwelewa kwa nusu.