Kidomo Kinaelekea Wapi?

Katika maonyesho ya Siku ya Wauguzi, Mei 12, nilisimama mbele ya banda la chuo kimoja nikamtazama mwanafunzi akimfukiza mwenzake mbele ya mgeni rasmi. Sufuria lilitoka jikoni likiwa bado linatokota, likawekwa juu ya stuli ya plastiki, na huyo "mgonjwa" akaliinamia chini ya taulo la maua huku magoti yake yakiligusa. Mvuke ulijaa banda zima. Mgeni rasmi akasema huo ndio uuguzi wenyewe, akaomba apigwe picha. Makofi yakapigwa. Mkufunzi wa pale, mtu ninayejua fika kwamba anajua zaidi ya hayo, naye akapiga.

Ni makofi yale yaliyoniandikisha haya.

Mama mwenye nyungu yake ya mwarobaini na mchaichai sina ugomvi naye. Mwaka 2020, korona ilipoingia, nyungu zilirudi uani, na watu wazima walijifunika mablanketi kwa hiari yao. Aliyeona joto limezidi alilitupa blanketi akatoka zake. Mgonjwa wa wodini hana hiari hiyo. Anahema kwa shida, pengine ametoka kupewa dawa inayomlegeza, na kijana aliyevaa sare amemwambia avute. Atavuta, hata kama kinachokuja ni maji ya moto.

Kwa hiyo acha kutazama mvuke. Mvuke unaouona umeshapotea: umetoka nje ya chombo bila kupita kifuani mwa mtu. Kufukiza kuzuri kunachosha macho. Mtu ameketi, anavuta, anatoa, na huoni kitu ila mabega yanayopanda na kushuka. Ukiona wingu, kuna mahali panavuja.

Chombo cha kufukizia ni jagi la Nelson, lenye mrija wa kioo wa kuvutia na kidomo pembeni. Wapo wanaofundishia sufuria na taulo kwa sababu chuo hakina jagi. Hao nawahurumia, lakini maksi siwapi. Jagi hili lilianza kuuzwa London miaka ya 1860, na yale ya kauri yalichapwa maelezo ya matumizi tumboni, kiasi kwamba aliyelishika hakuwa na kisingizio. Kabla yake, mwaka 1778, John Mudge, daktari wa Plymouth, alikuwa ameeleza kikombe chake cha kufukizia katika kijitabu kuhusu kikohozi. Yeye hewa aliipitisha kwenye mpini uliotobolewa matundu. Nelson likaja na kidomo cha pembeni. Ukivitazama vyombo hivyo viwili utaona waliovibuni walikuwa wanahangaika na swali lile lile: hewa iingieje ndani bila maji kumfikia anayevuta?

Mwanafunzi asiyejua hili hukiona kidomo akadhani ni cha kumiminia. Namwona anavyolibeba jagi kama birika la chai, na hapo hapo namwekea alama yangu kichwani, ingawa fomu ya mtihani haina kisanduku cha jambo hilo. Kidomo ni njia ya hewa. Mgonjwa anapovuta kwenye mrija wa kioo, hewa ya wodini inaingia kwa kidomo, inapita juu ya maji, inabeba unyevu na joto, ndipo inapanda kwake. Ukielewa sentensi hiyo moja, mambo mengine yote utayagundua mwenyewe bila kukaririshwa.

Utagundua, kwa mfano, kwamba maji lazima yabaki chini ya kidomo. Yakikifunika, hewa haina pa kupita. Mgonjwa anavuta, mashavu yanaingia ndani, jagi linabwabwaja, na akikaza zaidi anaweza kupata funda la maji ya moto. Wengi hujaza kwa kutazama jagi likiwa limesimama wima mezani. Fundi hujaza akimfikiria mgonjwa, maana mgonjwa ataliinamisha jagi kuelekea kwake kama anavyofanya kwa kikombe, na maji yatahamia upande wa mdomo wake. Ndiyo sababu mimi nataka nafasi ya vidole viwili chini ya kidomo. Vitabu vingine vinaridhika na pungufu ya hapo. Mimi siridhiki.

Utagundua pia kwamba mrija na kidomo lazima vipeane mgongo. Wagonjwa wote, mara ya kwanza, husahau kutoa pumzi kwa pua. Wanaipuliza humo humo ndani ya jagi, na mvuke unarudi kwa njia pekee iliyo wazi. Kama kidomo kinamtazama mgonjwa, unamchoma mkono au kifua. Kama kinakutazama wewe, umejitakia. Na kama kinaelekea kitanda cha pili, basi unamfukiza mtu ambaye daktari hakumwandikia. Kielekee pasipo na mtu. Katika wodi iliyojaa hilo linataka kufikiri, na wanafunzi wengi hukwamia hapo kwa sababu maabara ya ujuzi ina kitanda kimoja na mdoli asiye na jirani.

Halafu pamba. Wakati wa kulibeba jagi kutoka chumba cha matayarisho, kidomo kinazibwa kwa pamba ili joto lisitoke na maji yasimwagike njiani. Pamba hiyo lazima itolewe kabla mgonjwa hajavuta pumzi ya kwanza. Inasahaulika mno, na anayesahaulika naye ni mgonjwa, anayehangaika kuvuta kwenye chupa iliyozibwa huku mwanafunzi akimhimiza, "Vuta, baba, vuta kwa nguvu."

Sista mkuu wa wodi ya wanaume aliyenifundisha alikuwa na namna yake ya kukagua. Pamba akishaitoa, alichomoa humo uzi mmoja mwembamba, akaushika mbele ya kidomo, kimya. Uzi ukivutwa kuelekea ndani, mgonjwa anavuta sawasawa. Ukipeperuka nje, anapulizia humo ndani; sista aligusa pua yake mwenyewe kwa kidole na mgonjwa akaelewa. Uzi ukining'inia tu, maana yake mgonjwa anahema kwa pua na jagi limewekwa mdomoni kama pambo. Hakuwahi kuuliza, "Unasikia mvuke?" Mgonjwa wa Kitanzania akiulizwa hivyo na sista atajibu ndiyo hata kama ameshika jagi tupu.

Matapeli nao wana ufundi wao. Kuna aliyekuwa akipaka tinkcha ya benzoini kwenye taulo na pembeni mwa trei, ili msimamizi wa mtihani akiingia akutane na harufu na kuamini dawa imepimwa, wakati ndani ya jagi hamkuwa na hata tone. Alipata alama nzuri kwa muda mrefu. Aliumbuliwa na mtu aliyeunusa mrija badala ya kunusa chumba. Mwingine aliliweka birika la umeme nyuma ya kiwambo likichemka, ili mvuke uonekane ukipanda nyuma ya mgonjwa. Huyo angepigiwa makofi kwenye banda lile.

Kuhusu joto nitasema kwa kifupi, kwa kuwa hapa hakuna siri: kipimajoto kipo, kitumike. Nyuzi 160 hadi 180 za Fahrenheit katika vitabu vya zamani ni kama 71 hadi 82 za Selsiasi. Maji yanayotokota hayaingii kwenye jagi. Na asiyeelewa kwa nini nashika sana habari ya beseni na nafasi ya jagi akumbuke kwamba maji ya nyuzi 60 tu yanatosha kumuunguza mtu mzima vibaya kwa takribani sekunde tano. Jagi likae ndani ya beseni, beseni likae juu ya meza ya kitandani, kamwe si mapajani. Mgonjwa awe katika mkao wa Fowler, yaani ameketi akiegemea, kengele iwe karibu, na muuguzi abaki pale. Anayefukizisha na kwenda kutoa dawa kitanda cha saba hafukizishi. Ameacha maji ya moto na mgonjwa.

Mtoto hafukizwi. Aliyechanganyikiwa, mwenye kifafa, aliyelegea kwa dawa hafukizwi bila mtu wa kulishika jagi, na mimi ningesema hafukizwi kabisa. Mwenye pumu mvuke wa moto unaweza kumbana zaidi. Wakubwa wetu waliwawekea watoto wenye krupu hema za mvuke kwa imani kubwa, na tafiti zilipokuja hazikuona mvuke ule ukiwasaidia. Hata kwa mafua ya kawaida, mapitio ya Cochrane kuhusu hewa ya moto yenye unyevu hayakupata faida ya kutegemewa. Mwanafunzi mmoja mwerevu aliniuliza kwa nini basi tunaendelea kuifundisha. Nilimjibu kwamba yupo mgonjwa mwenye sauti iliyokauka na makohozi mazito ambaye robo saa ya jagi inampa nafuu, na nafuu ni sehemu ya kazi yetu. Lakini ndiyo sababu sivumilii uzembe hapa kuliko kwenye upasuaji. Tiba kubwa huvumiliwa na hatari zake. Hii faida yake ni ndogo, haina kibali cha kumuunguza mtu hata kidole.

Yapo mambo mengine ambayo nitayasema tu bila kuyatetea. Kitambaa cha trei ni cheupe. Beseni ni la enameli lenye ukingo wa buluu. La plastiki lioshee nguo. Shashi kwenye mrija hufungwa, haivingirishwi. Muuguzi haongei dakika ya kwanza. Taulo la maua lina mahali pake, nako ni ufukweni.

Majagi ya kauri yenyewe yamekwisha. Wodi nyingi sasa zina nebulaiza, inayonguruma kona moja na kumaliza kazi yenyewe, na siwezi kusema mgonjwa wa pumu amepoteza chochote, amepata. Ila kizazi kilichofundishwa jagi kilizoea kukaa kando ya mgonjwa robo saa kikimsikiliza anavyohema, na kwa robo saa ile kilisikia mapafu kuliko wanavyosikia leo wanaobonyeza swichi na kuondoka. Chuo chenye hata jagi moja lililohifadhiwa kabatini kilitoe, kilifundishie.

Mwisho nenda kwenye faili. Ikiandikwa "amefukizwa dakika 15, hali nzuri," jua imeandikwa kabla au bila kutazama. Nataka idadi ya pumzi kabla na baada, nataka kujua makohozi yalitoka au hayakutoka, rangi gani, mazito kiasi gani, na kwamba mgonjwa alilazwa mbali na upepo wa dirisha. Kisha nataka kuuona mrija. Benzoini hunata kwenye kioo na haitoki kwa maji na sabuni. Inataka spiriti, na inataka kusuguliwa ikiwa bado mbichi. Mrija wenye utando wa kahawia nimeukuta kwenye trei zilizosifiwa sana, tayari kwa mdomo wa mgonjwa anayefuata.