Chanjo ya Muguga na Udhaifu wa Mpango wa Lagos

Kila zinapozungumzwa habari za ushirikiano wa sayansi na ufundi katika Afrika, makada wetu hukimbilia Mpango wa Utekelezaji wa Lagos, uliopitishwa na Wakuu wa Nchi Huru za Afrika mwezi Aprili, 1980. Hawakosei. Sura yake ya tano inaikataa fikra ya kikoloni kwamba sayansi ni bidhaa ya kununuliwa ng'ambo, na inataka sayansi ifungamane na kujitegemea. Udhaifu wake uko kwingine. Inalitazama tatizo kama upungufu: wa fedha, wa wataalamu, wa vyombo. Swali la nani anayamiliki maarifa yakishapatikana, na yanamnufaisha nani, haliulizi kwa ukali unaostahili.

Tuichukue hali halisi ya Afrika ya Mashariki. Mpango wa Lagos uliandikwa miaka 3 tu baada ya Jumuiya yetu ya kwanza kuvunjika, 1977, na bado unauzungumzia ushirikiano kama pori linalongoja kufyekwa. Sisi shamba tulikuwa nalo. Muguga, karibu na Nairobi, palikuwa na shirika la pamoja la utafiti wa mifugo, Amani, Tanga, utafiti wa malaria, Entebbe, virusi, Jinja, samaki wa maji baridi, Arusha, dawa za kuua wadudu. Utafiti huu ulianzishwa na mkoloni kwa haja zake, hatulifichi hilo, lakini chini ya Mkataba wa 1967 ulikuwa mali ya wananchi wa nchi tatu.

Katika miaka ya 1970 watafiti wa Muguga, wakisaidiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, walipata chanjo ya ndigana kali. Huu ni ugonjwa unaoletwa na kupe, nao ni mmoja wa wauaji wakubwa wa ndama katika nchi zetu. Njia yao ni rahisi kuieleza na ngumu kuitenda. Ng'ombe hudungwa kimelea kilicho hai, na papo hapo hupigwa sindano ya oksitetrasaikilini inayofanya kazi polepole, ili augue kidogo na kupata kinga. Mchanganyiko huo una aina tatu za kimelea: Muguga na Kiambu, za Kenya, na Serengeti, ya Tanzania. Jumuiya ilikuwa imo ndani ya sindano.

Kisha ikaja 1977. Mgawanyo wa mali ulikamilishwa kwa mkataba wa 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Ndege, mabehewa na majengo huhesabika. Lakini chanjo huhesabiwaje? Ustadi wa kuwalisha kupe juu ya ng'ombe mgonjwa, kuwasaga, na kuvihifadhi vimelea katika naitrojeni ya majimaji haugawanyiki kwa asilimia. Uko katika mikono ya watu waliozoea kufanya kazi pamoja, na watu hao walitawanyika. Kila nchi iliunda taasisi yake.

Matokeo yake, chanjo ilikaa miaka mingi bila kumfikia mfugaji. Ilipotengenezwa kwa wingi katika miaka ya 1990, na tena 2008, ilitengenezwa na taasisi ya kimataifa iliyoko Nairobi, siyo na chombo cha nchi zetu. Baadaye kazi hiyo ilipelekwa Lilongwe, Malawi, katika kituo kilicho chini ya Umoja wa Afrika. Hiyo ni hatua mbele na istahiwe, ingawa ilichukua zaidi ya miaka 30 kurudi pale tulipokwisha kufika.

Wako wandugu watakaojibu kwamba haya yote ni njama za ubeberu. Jibu hilo ni jepesi mno. Mabeberu hawakuhuzunika Jumuiya ilipokufa, lakini waliovunja vituo vya pamoja ni sisi. Hata hofu ya kisayansi tuliivisha bendera za taifa. Ilisemwa kwamba aina ngeni za kimelea zisiingizwe, na kila nchi itumie ya kwake. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwani ng'ombe aliyechanjwa huweza kubaki na kimelea na kukieneza. Lakini kupe hana pasi ya kusafiria, na swali kama hilo lilihitaji maabara moja ya kulijibu. Maabara hiyo tulikuwa tumeigawana.

Kuhusu ile asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti, nitasema machache. Iliahidiwa Lagos, ikarudiwa Addis Ababa mwezi Januari, 2007, na nchi nyingi hazijaifikia. Ni aibu. Lakini hata ingefikiwa na kila nchi peke yake, isingemrudisha Muguga mtafiti mmoja aliyeondoka.

Jumuiya iliyoanzishwa upya kwa Mkataba wa 1999 inayo Kamisheni ya Sayansi na Teknolojia, makao yake Kigali. Makada na wanafunzi wasiipime kwa idadi ya mikutano na maazimio. Waiulize inamiliki nini kwa pamoja ambacho nchi moja ikijitoa haiwezi kuondoka nacho. Na waiulize mfugaji anakaa wapi katika mipango yake. Kwa muda mrefu chanjo ya ndigana ilifungwa katika mirija ya dozi 30 hadi 40, na mrija ukishayeyushwa na kuchanganywa lazima utumike katika saa chache. Mfugaji wa Kimasai mwenye kundi kubwa aliweza kuitumia, na wengi wa kaskazini mwa Tanzania waliilipia kwa fedha zao wenyewe. Mkulima mwenye ndama wawili ilimbidi awangoje majirani zake, na wakati akingoja, kupe hakungoja.