Sura Tatu za Usemi Mmoja

Chukua usemi wa aljebra x² − 6x + 5. Uandike (x − 1)(x − 5), au (x − 3)² − 4. Thamani yake haibadiliki hata chembe. Lakini sura ya kwanza inakuambia mchoro wake unakata mhimili wima kwenye 5, ya pili inakuonyesha usemi unakuwa sifuri wapi, na ya tatu inatangaza kwamba thamani haiwezi kushuka chini ya −4. Kujua unachotaka kukiona, kisha kuupanga usemi ukuonyeshe: huo ndio ufundi ninaousifu.

Hapa Kigali ufundi huo una makao. AIMS, taasisi ya sayansi za hisabati iliyofungua kituo chake Rwanda mwaka 2016, hufundisha shahada ya uzamili kwa vijana wa nchi nyingi za Afrika, na lugha ya programu iitwayo Python ni miongoni mwa zana zao. Kwa Python ipo SymPy, programu huria ya aljebra isiyodai ada. Hufungua mabano, hutoa vigawo, hukusanya vipeo vinavyofanana, wala haisahau alama ya kutoa.

Ila ukiiambia “rahisisha” tu, umeiachia uamuzi ulio wako. Rahisi kwa kazi gani? Gawanya x¹⁰⁰ − 1 kwa x − 1, utapata mstari wa vipande 100 vya kujumlisha. Mgawanyo ulioachwa ulivyo ulikuwa mfupi na wazi zaidi. Na tangu mwaka 1968, Daniel Richardson alipothibitisha kwamba kwa semi za aina fulani hakuna kanuni iwezayo kuamua kila mara kama usemi ni sifuri, tunajua kwamba hata mashine bora ina mpaka.

Mfano niupendao kuliko yote ni √(x + 1) − √x. Weka x = 10¹⁶, na kompyuta, kwa desimali zake za kawaida, itajibu 0, kwa kuwa ile 1 humezwa na ukubwa wa x. Sasa uuandike usemi kama sehemu yenye 1 chini, zidisha juu na chini kwa √(x + 1) + √x, agiza kiasi (cha juu) peke yake kifunguliwe, asili (ya chini) iachwe kama ilivyo. Unabaki na 1/(√(x + 1) + √x), na jibu linatoka: takriban 5 × 10⁻⁹. Ukiagiza vipeuo viondolewe kwenye asili, kama tulivyozoeshwa shuleni, programu itakutii na kukurudisha kwenye sifuri ileile.