Vidole Vinavyohesabu Mbavu

Mrina asali ameketi kwenye kitanda cha zahanati, nje kidogo ya mji wa Tabora, ameushika ubavu wa kushoto kama mtu aliyebeba yai. Juzi aliteleza kwenye mti wa mtundu akipandisha mzinga wa gome. Tabibu hamgusi kwanza. Anamwamkia, "Mwangaluka, baba," anavuta kigoda, anatazama anavyohema. Upande wa kulia unapanda, wa kushoto unasita.

Kisha kidole kinaanza safari. Kinatoka kwenye kishimo cha chini ya koo, kinateremka juu ya mfupa wa kidari hadi kwenye tuta dogo. Hapo umepachikwa ubavu wa pili; wa kwanza umejificha chini ya mtulinga. Kutoka hapo anahesabu, akishuka bonde kwa bonde. Jozi ni 12. Saba za juu zinafika kidarini, kila ubavu kwa gegedu lake. Ya 8, ya 9 na ya 10 zinaegemea gegedu la jirani wa juu. Mbili za mwisho zinaishia kwenye nyama.

Anahamia mgongoni. Huku vichwa vya mbavu nyingi vimekaa katikati ya pingili mbili za uti wa mgongo, na kifundo cha pembeni kimeegemea kibawa cha pingili. Ukivuta pumzi, ubavu hugeukia hapo na kuinuka kama mkono wa ndoo.

Sasa anaweka kiganja kimoja kidarini, kingine mgongoni, anabana taratibu. Mzee anakunja uso na kuonyesha chini ya kwapa, mahali ambapo hakuna mkono wa tabibu. Maumivu yangekuwa mbele tu, kwenye gegedu, angefikiria uvimbe wa maungio, ule unaowatia watu hofu ya moyo. Huu ni ufa, ubavu wa tisa. Nyuma yake imelala bandama, kwa hiyo anapapasa tumbo. Ni laini. Anagonga kifua kwa kidole, anasikiliza: hewa inaingia pande zote.

"Hunifungi kitambaa, daktari?"

"Hapana, baba. Ukibanwa hutavuta pumzi kamili, nimonia itapata nafasi."

Mfupa wa mkono ndio hutaka kutulizwa, la sivyo hauungi vizuri. Kilomita chache kutoka hapa, Kwihara, alikaa mmisionari David Livingstone mwaka 1872. Mkono wake wa kushoto, uliovunjwa na simba mwaka 1844, haukuunga sawasawa. Kwa kasoro hiyo maiti yake, iliyopitishwa hapa kwa njia ya misafara mwaka 1873, ilitambuliwa London. Ubavu haupati kutulia hata dakika moja, na bado huunga, kwa wiki 6 hivi.

Anampa dawa ya maumivu, anamwonyesha kukumbatia mto akikohoa. "Sasa vuta pumzi ndefu." Mzee anaishia njiani. Tabibu anangoja. "Tena." Ubavu wa kushoto unapanda kidogo. Foleni nje ni ndefu, lakini anahesabu mpaka kumi.