Kivuli cha Khanga

Kuna kijana pale Tandika, Temeke, anayechora watu kwa simu. Kioo kina ufa, kalamu ni ile ya bei ya chini yenye ncha ya mpira, na programu ni ibisPaint. Nilimkuta akimchora mama mmoja aliyejifunga khanga. Uso aliumaliza upesi. Kiunoni ndiko alikokaa.

"Dada, mimi kwanza natafuta nguo imebanwa wapi," aliniambia. Akaanzia pale pindo lilipochomekwa, akavuta mistari michache isiyolingana. Karibu na kiuno ilikuwa mikali na imesongamana. Ilivyoteremka ikapanuka, ikafifia, na kwenye goti ikapotea kabisa, maana hapo mguu umeisukuma khanga mbele na hakuna kitambaa cha ziada cha kujikunja. Kivulini hakutia nyeusi. Khanga nyekundu, kivuli chake ni wekundu ulioiva zaidi. "Ukitia nyeusi umeipaka masizi."

Jina la khanga aliliandika mwisho, herufi moja moja, akiipinda kila moja kufuata bonde lake. Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Mimi kusoma nilianzia kwenye khanga za mama yangu, kabla ya shule, na nilisoma kwa taabu kwa sababu maneno hayakutulia. Akichuchumaa kupuliza jiko, neno zima linamezwa. Akisimama linarudi, limepungukiwa herufi mbili. Khanga mpya, yenye wanga bado, ilijikunja kwa pembe na maandishi yakakatika ghafla. Ile iliyofuliwa miaka ililala mwilini, na herufi zikazama polepole. Hata leo nikiona mkunjo mchorani, hujua kama mchoraji amewahi kuishi na nguo ile au ameiona dukani tu.

Ufundi huu haukutoka kwa Edward Saidi Tingatinga. Wanyama wake wa rangi ya mafuta hawakuvaa nguo, na rangi yake ilitandazwa bapa, ndiyo raha yake. Nadhani ulitoka zaidi kwa wachora katuni, wale waliotupa akina Kipepe na Lodi Lofa katika jarida la Sani, ambao kwa wino mweusi peke yake ilibidi kivuli kiwe mistari. Na kwa mafundi wa mabango, waliochora suruali zenye pasi kwenye vibanda vya washonaji kabla mabango ya plastiki hayajawaondoa. Mbali na kwetu, Vasari, mwandishi wa maisha ya wasanii, ameandika kwamba Leonardo da Vinci alilowesha matambara kwenye udongo, akayatandaza juu ya sanamu, akakaa kuyachora. Sokoni Tandika mitumba inaning'inia bure kutwa nzima, na anayeitazama ni mnunuzi.

Siku hizi watu hubandika. Ua la khanga linapakuliwa mtandaoni, linakatwa kwa umbo la mwili, leya ya kijivu inapitishwa juu, kazi imekwisha. Maua yana ukubwa uleule kutoka nyonga hadi kifundo cha mguu, na jina limenyooka juu ya goti lililokunjwa. Nimeyaona hayo hata kwenye majalada ya vitabu vya watoto, na mhariri ameyapitisha. Halafu imekuja akili mnemba. Yenyewe mikunjo inaijua, tena kwa wingi wa kupita kiasi. Lakini maandishi ya khanga huweza kuyatoa kwa herufi zisizo za lugha yoyote.

Jirani yangu wa Kijitonyama alitengenezewa kwa akili mnemba picha ya marehemu mama yake. Mikunjo ni ya hariri, inang'aa. Mama yule alivaa pamba ya Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichofunguliwa 1968, na doti zake zilikuwa zimefuliwa hadi zikapauka. Nilimuuliza jirani khanga ya pichani inasemaje. Akaisogelea, akavaa miwani, akasema fundi labda alikosea, lakini sura imetoka vizuri.