Pindo la Sebule

Mgeni akiingia sebuleni kwa mdogo wangu kule Tabata, Dar es Salaam, jicho lake linatua kwenye ukuta wa nyuma ya kochi, anakaa kimya kidogo, kisha anauliza bei. Hakuna anayekisia. Karibu kila kitu kilichomo kimetoka kwenye mtumba, kwenye nyumba ya watu waliokuwa wanahama, au kabatini kwa mama. Nilishiriki kazi hiyo tangu siku ya kupima hadi siku ya kutundika, na nataka kueleza ilivyofanyika, kwa sababu wengi wanaojaribu njia hii huishia na chumba kinachofanana na ghala.

Siri yenyewe iko kwenye khanga. Ukiitandaza khanga utaona mji, yaani ile sehemu ya kati, utaona jina, na kuzunguka vyote utaona pindo. Mjini mnaweza kukaa korosho, jogoo, maua, hata picha ya kiongozi, na nguo isikushangaze, kwa kuwa pindo limeshika kingo zote nne. Vitu vya kuokotezwa huku na huko vinahitaji kitu cha namna hiyo. Kila kimoja kimekuja na rangi yake, umri wake na nchi yake. Visipozungushiwa pindo moja, vinagombana.

Watu wa Lamu walilifanyia hili kazi zamani. Katika nyumba za matajiri za karne ya 18 utakuta ukuta mzima wa zidaka, vishimo vilivyopangwa safu kwa safu na kunakshiwa kwa chokaa, ambamo waliweka sahani na bakuli za kaure, nyingine zimevuka bahari kutoka China. Vyombo havikufanana. Zidaka ndizo zilizofanana, na jicho lilisoma ukuta mzima kama kitu kimoja.

Sebule tunayoizungumzia ina mita 4 kwa 3.6. Kuta ni za matofali ya saruji, zimepakwa rangi ya maziwa. Kochi ni la kahawia, la watu watatu, lina urefu wa sentimita 210, na mgongo wake unafika sentimita 85 kutoka sakafuni. Kabla ya kununua chochote tuliandika vipimo hivi vyote kwenye karatasi, pamoja na vya madirisha, na mdogo wangu akaiweka kwenye pochi pamoja na futi ya fundi cherehani. Hatua hii ndiyo watu wanayoiruka. Sokoni kitu hukupendeza kwanza, halafu ndiyo unakifikiria, na muuzaji mzuri anajua kukuharakisha: "Dada yangu, hii ni ya mwisho, robota jingine mpaka Jumatano." Mwenye karatasi ya vipimo haharakishwi.

Picha kubwa ya ukuta wa nyuma ya kochi ilipatikana Mwenge, kwenye vibanda vya vinyago. Ni mchoro wa Tingatinga wa ndege wawili weusi juu ya mandhari ya rangi ya machungwa inayofifia kuwa njano, sentimita 60 kwa 60. Kipimo hicho kina historia. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya bodi ngumu kama zile za dari, na rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli. Bodi ikikatwa futi mbili kwa mbili inakupa mraba wa kiasi cha sentimita 60. Yeye alifariki mwaka 1972, lakini mraba na rangi ya kung'aa vilibaki kwa waliojifunza kwake na kwa waliofuata. Siku hizi nyingi huchorwa kwenye kanvasi ya pamba ili mtalii aikunje na kusafiri nayo.

Wachoraji ni wengi na mifano inarudiwarudiwa, kwa hiyo uzuri wa kazi unatafutwa kwenye madogo. Tazama nukta. Kwenye kazi nzuri kila nukta ina ukingo safi, haijatiririka wala kuchubuka. Kisha tazama pale rangi mbili za nyuma zinapokutana. Mkono mzuri hauachi mstari. Ile ya Mwenge ilikuwa nzuri kwa vyote viwili, ila ilikuwa imekunjwa rangi ikiwa ndani na kufungwa mpira, ikatoka na mikunjo mitatu myembamba karibu na ukingo wa chini. Ndiyo maana ilishuka kutoka shilingi 90,000 hadi 40,000. Ukinunua picha ya kukunja, muombe muuzaji aikunje rangi ikiwa nje, na bomba liwe pana, kama unene wa paja. Rangi ya nje hunyooka ukiitandaza. Ya ndani hubanwa, na siku ya kufunguliwa inapasuka.

Kanvasi ikishafika nyumbani haitakiwi kubandikwa ukutani kwa pini. Lazima ivutwe juu ya fremu ya ndani, na hapa tulipata tatizo la kweli: mchoraji alikuwa ameacha ukingo mtupu wa sentimita 3 tu kila upande. Fremu za kawaida za kuvutia zina unene unaomeza ukingo wote huo, na ukilazimisha, unapoteza mdomo wa ndege upande mmoja. Fundi seremala wa mtaani alitatua kwa kuranda mbao ziwe na unene wa sentimita 2. Sentimita 2 zikapanda ubavuni mwa mbao, moja ikageukia nyuma kushika vijimisumari. Alianza kwa msumari mmoja katikati ya kila upande, juu, chini, kushoto, kulia. Kisha akawa anasogea kuelekea pembeni kidogo kidogo, akipokezana pande zinazotazamana, na kila mara akigonga kanvasi kwa kidole kusikiliza. Ikilia kama ngoma ndogo, imevutika. Anayeanza kwenye kona hupata mawimbi ambayo hayatoki tena.

Vipande vinne vidogo vya kukaa pembeni mwake vilikuwa na asili tofauti kabisa. Kimoja ni mchoro wa jahazi kwa rangi za maji, ulionunuliwa 5,000 kwa familia iliyokuwa ikihama Masaki. Cha pili ni kitambaa cha meza cha mtumba, kimedariziwa maua ya buluu kwa mkono, 2,000, kilichotolewa chini kabisa ya rundo la mashuka. Cha tatu ni picha ya bibi yetu, mama yake mama, amesimama studio na mkono juu ya kiti. Cha nne ni kona ya khanga ya mama.

Hiyo khanga tulisita sana kuigusa. Ilikuwa imechanika katikati, imevaliwa miaka na miaka, ila kona moja ilibaki nzima na pindo lake jekundu. Mama mwenyewe ndiye aliyetukatia shauri. "Kateni, wanangu. Hapo kabatini inaliwa na mende tu." Tuliifua kwa maji baridi, tukaipiga pasi kwa nyuma, tukaivisha kwenye kadibodi nene na kuishonea mgongoni kwa uzi unaokwenda na kurudi. Gundi hatukuitumia, kwa sababu baada ya miaka michache hugeuka njano na kujichora upande wa mbele.

Picha ya bibi haikuingia kwenye fremu. Iliyoingia ni nakala, iliyopigwa na kuchapwa kwa 3,000. Ya asili imerudi kwenye bahasha, gizani, pakavu. Hili nalisisitiza kwa yeyote mwenye picha moja tu ya mzazi: mwanga wa dirisha hula picha taratibu, na huji kugundua mpaka uso umeshapauka. Hata hiyo nakala iliwekewa paspatu, ile kadi pana inayoizunguka, isiguse kioo. Kwa unyevu wa Dar, picha inayogusana na kioo hunata wakati wa masika na haibanduki bila kuchanika.

Sasa pindo. Vilivyomo ndani ya fremu vilimgharimu mdogo wangu shilingi 50,000 jumla. Fremu zenyewe zilimgharimu 85,000: kubwa 35,000, ndogo nne 12,500 kila moja. Majirani walimwambia amepotezwa, kwamba fremu za plastiki za dhahabu zimejaa Kariakoo kwa bei ndogo. Mimi naona hapa ndipo alipofanya uamuzi bora wa kazi nzima. Zote tano zilichongwa kwa mbao ya aina moja, upana mmoja wa sentimita 3, zikapakwa rangi moja ya kahawia iliyoiva, karibu na ya kochi. Akiba uliyoipata sokoni ina kazi yake, na kazi yake ni hii. Mwenye kuibana hapa pia, vitu vyake hubaki mtumba machoni pa kila mtu.

Hesabu ya ukutani ilikuwa rahisi. Kundi la picha juu ya kochi hupendeza likichukua kiasi cha theluthi mbili za urefu wa kochi. Kwa sentimita 210 hiyo ni 140. Fremu kubwa ina sentimita 66 kwa nje, ndogo 30. Kubwa ikakaa katikati, ndogo mbili mbili kila upande, moja juu ya nyingine, na nafasi ya sentimita 6 kati ya zote. Upana ukatoka 138. Na urefu wa zile mbili pamoja na nafasi yake ni 66, sawasawa na ile kubwa. Kwa hiyo kingo za juu zikaenda mstari mmoja na za chini mstari mmoja. Fundi aliagizwa vipimo hivyo tangu mwanzo.

Kabla ya kutoboa, tulikata magazeti kwa ukubwa wa kila fremu tukayabandika kwa gundi ya karatasi, tukayaacha siku mbili. Tulibishana juu ya kimo. Majumbani kwetu picha hutundikwa karibu na dari, mbali na mikono ya watoto, na anayetaka kuiona vizuri inambidi asimame na kuinua shingo. Kipimo kinachotumika sana kwenye majumba ya maonyesho ni katikati ya picha kuwa kiasi cha sentimita 145 hadi 150, usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Sisi tulishuka hadi 138, kwa kuwa sebuleni watu wamekaa. Hivyo ukingo wa chini ukawa sentimita 20 juu ya mgongo wa kochi, na picha zikashikamana nalo, hazikuelea.

Tofali la saruji halitaki msumari wa kawaida. Plasta inamenyeka na msumari unapinda. Tulikodi drili, tukatoboa kwa ncha ya milimita 6, tukaingiza vile vibomba vya plastiki ndipo skrubu zikafuata. Fremu kubwa ilipewa skrubu mbili na pima maji. Nyuma ya kila fremu, kwenye pembe za chini, tulibandika vipande vya kandambili iliyochakaa, unene wa kidole, ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Bila hiyo, kuvu huanza nyuma ambako huoni.

Mengine nayapitia haraka. Kioo kikubwa cha fremu ya mbao kilitoka Masaki kwa familia ile ile, 30,000. Tulikagua kingo zake kama zina madoa meusi, maana hayo ni unyevu ulioingia nyuma na hayatibiki, na mbao kama ina vitundu vyenye unga, kwa kuwa huo ni mdudu aliye hai. Kikawekwa ukuta wa ubavuni mwa dirisha, kikadaka mwanga na kuusukuma kwenye kona iliyokuwa na giza. Mkeka wa ukindu ukatandikwa hadi chini ya miguu ya mbele ya kochi. Kinyago kimoja cha mpingo kikapata kona ya meza. Mdogo wangu alikijaribu kwa kitambaa cheupe chenye maji kwanza. Kilichopakwa kiwi ya viatu kingeacha weusi, na mpingo wa kweli ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Taa nyeupe ya tyubu ilitolewa, zikaja balbu za mwanga wa joto, na machungwa ya ile Tingatinga yakaamka.

Mapazia yalitukosesha. Yalikuwa mazito, yana bitana, 24,000 kwa jozi, na siku hiyo karatasi ya vipimo ilibaki nyumbani. Yakatoka na urefu wa sentimita 210 pale tulipohitaji 230. Yalichemshwa na kuanikwa juani kwanza, kwa hofu ya kunguni, kisha fundi cherehani akaongeza chini kitambaa cha rangi ya khaki, kipana, sentimita 30 pamoja na za kukunjia, ili kionekane kimekusudiwa. Nyongeza ya sentimita 20 kamili, yenye mshono mwembamba, ingeonekana kiraka. Na kuna picha moja ya maporomoko ya maji, plastiki inayong'aa, aliyoinunua mdogo wangu kwa sababu tu ilikuwa bei ya jioni. Ilizunguka ukuta kwa ukuta kwa wiki nzima. Nilimshauri aitoe, akaitoa, na sebule ikapumua.

Jumapili iliyopita mama alikuja. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, akaitazama kona ya khanga yake upande wa dirisha, chini ya jahazi, kisha akamtazama mama yake kule upande wa pili, juu ya maua ya buluu. "Mbona mmeniweka mbali naye?" Mdogo wangu aliinuka, akalishusha jahazi, akamshusha bibi, akawabadilisha nafasi. Fremu ni za kipimo kimoja na skrubu ziko kimo kimoja, kwa hiyo haikuchukua hata dakika, wala hakuna tundu jipya lililotobolewa. Na kwa kuwa ile ni nakala, mwanga wa dirishani haukututia hofu. Mama akavuta kiti karibu kidogo, akaomba chai.