Elektroni hazijatoroka, ni breki zilizofeli

KOSA kubwa la wafasiri wa sayansi ni kufasiri neno na kulisahau tukio. Chukua zile elektroni ambazo Kiingereza huziita 'runaway', zinazowasumbua watafiti wa nishati ya muungano wa nyuklia. Ukifungua kamusi, jibu la haraka ni 'elektroni zilizotoroka' au 'elektroni toro'. Yote mawili yanapotosha.

Kutoroka ni kuondoka mahali bila ruhusa. Mtoro wa shule hayuko darasani. Watoro wa karne ya 19 waliyahama mashamba ya pwani wakajenga vijiji vyao, kama Fuladoyo. Elektroni hizi hazijahama. Zimo mle mle ndani ya tokamaki, mtambo wenye umbo la tairi unaoshikilia plazma kwa sumaku.

Shida ni kwamba neno hilo la Kiingereza lina maana mbili: mtoro, na chombo kisichozuilika. Kiswahili kimezitenga. Mkazi wa Bura aliyewahi kuteremka na matatu kutoka Wundanyi hadi Mwatate anajua: lori likifeli breki mteremkoni, hatusemi limetoroka!

Na hiyo ndiyo fizikia yenyewe. Breki ya elektroni ni kugongana na chembe nyingine, lakini kadiri inavyozidi kasi ndivyo breki hiyo inavyolegea. Harry Dreicer alilieleza jambo hili mwaka 1959: msukumo wa umeme ukiishinda breki, elektroni huzidi kukimbia hadi kuikaribia kasi ya nuru. Plazma ikivurugika ghafla, kundi la elektroni hizo linaweza kuyeyusha sehemu ya ukuta wa mtambo.

Je, hayo ni mabishano ya maneno tu? La hasha. Mwanafunzi anayeambiwa zimetoroka atawaza ua na lango. Anayeambiwa breki zimefeli ataelewa mara moja kwa nini ITER, mtambo unaojengwa kusini mwa Ufaransa, umepangiwa kurushiwa vipande vya gesi iliyogandishwa, haidrojeni na neoni, mambo yakiharibika. Chembe za kugongana nazo zikiongezeka, breki inarudi.

Napendekeza 'elektroni zilizoponyoka'. Usukani humponyoka dereva angali ndani ya gari; kinachotajwa ni mshiko ulioshindwa, wala si safari ya kwenda kwingine. Mwenye neno bora na alilete, mradi lianzie kwenye breki.